Njia ya Kufika Sioux Falls kwa Mtu Asiye na Viza

Baba Amani,

Mimi nimekwenda Amerika na nimerudi. Wewe ulibaki unasubiri jina lako libandikwe ukutani kwenye orodha ya wanaohamishiwa Amerika, mimi nikapanda avio, ndege yao, nikashuka katika mji wa mwanao nikiwa na kofia yangu ileile, na theluji ikaniangukia mabegani kama unga kwenye mashine ya kusaga. Nilikula nyama asubuhi, mchana na jioni. Wajane wa huko walinitazama. Mkubwa wa mji alinipa mkono akauliza kama nimelala vizuri.

Basi, cheka. Nimedanganya, na ungekuwa hai ungekuwa umeshanirushia kiatu. Mbali kabisa nilikofika tangu tukuzike ni Mbarara, hospitali walikonitoa ukungu wa jicho la kulia, na hata safari hiyo nilitapika kuanzia Rwekubo mpaka tulipoiona ile sanamu ya ng'ombe.

Lakini mji ule ninaujua. Nitakueleza wote leo, fasi kwa fasi, na wewe sikiliza kama mtu anayetumwa, kwa sababu ninakutuma. Mwanao amekata tiketi. Anakuja kumuua Katungi.

Katungi unamkumbuka. Ndiye mtu wa mwisho aliyekugusa kwa nguvu hapa duniani. Walimfunga, akatumikia kifungo chake, na mvua zilipokatika akatoka. Habari ilimfikia Amani kabla Katungi mwenyewe hajafika kwake Endiinzi, maana hapa kambini kwa wakimbizi, Nakivale, hakuna jambo linalolala bila kupigiwa simu. Mwanao akaniita siku hiyohiyo. Hakusalimu.

"Baba mukubwa, yule mutu ametoka. Basi na miye natoka huku."

Nikamwambia atulie.

"Nimetulia mingi. Mutu wa hasira hachinjake muzuri."

Nilikaa chini palepale, kwenye kichuguu cha nyuma ya kanisa ambapo mtandao unapatikana. Ile haikuwa sauti ya kijana anayetukana. Ilikuwa sauti yako wewe, siku tulipochinja ng'ombe wa harusi na kila mtu anapiga kelele na wewe unanoa kisu polepole huku unaimba wimbo wa kanisa.

Tangu hapo nikaanza ujanja wangu. Kila Jumapili ananipigia, na kila Jumapili anaanza hivyohivyo: Katungi analala wapi siku hizi, anapitisha ng'ombe njia gani, kama ana mbwa. Mimi ninamkata. Ngoja kwanza, nasema, huko kwenu mto una mamba? Wanawake wanalima? Mtu akifa wanamzika wapi kama ardhi imeganda? Na Amani, umemlea vizuri upande huo, hawezi kuulizwa na mzee asijibu. Anaeleza, anaeleza, mpaka vocha ya hasira inaisha. Ndivyo nilivyoupata mji mzima, kipande kwa kipande, kama maskini anayenunua ng'ombe kwa kilo.

Unaandikwa Sioux Falls. Usijaribu kusoma herufi zote, utaumiza ulimi. Sema Su Fols na uendelee na safari. Uko katikati ya tambarare isiyo na pa kujificha. Unakumbuka milimani kwetu, juu ya Fizi, risasi zikilia upande huu tunakimbilia upande ule? Huko hakuna upande. Ni mahindi na soya mpaka macho yanachoka. Upepo unatoka mbali bila kukutana na kitu, unafika na nguvu zake zote, unampiga mtu usoni kama mke aliyesikia habari. Wakati wa joto upepo huohuo unajisokota, unashuka kutoka mawinguni kama mkono, unang'oa mapaa na kuyatupa shambani kwa mtu mwingine. Wana king'ora cha kuwaonya. Kikilia wanashuka chini ya nyumba zao, maana kila nyumba ina chumba ndani ya ardhi. Wanajizoeza mapema, hao watu.

Kwa wingi wa watu ni kama Mbarara, Amani anasema, ila uondoe bodaboda zote, uondoe honi, uondoe wanaouza mtaani, halafu mitaa uinyooshe kwa rula. Nyumba hazina ua. Majani yanaanzia kwa jirani huyu yanaishia kwa jirani yule, mabichi, marefu ya kutosha mdomo wa ndama, na hayaliwi na mnyama yeyote. Yanakatwa kwa mashine kila Jumamosi. Nilipoambiwa nilikufikiria wewe, uliyebaki hapa kwa sababu ya majani. Mkwe wako alipoitwa asafiri pamoja na Amani na watoto, wewe ungeweza kuanza kushughulikia faili lako siku ileile. Ulisema, nitafuata ng'ombe wakinenepa. Ng'ombe gani amewahi kunenepa hapa?

Faili lako lilifika mwisho, lakini. Jina lako lilibandikwa ukutani udongo wako ukiwa bado haujakauka. Walikuita kwenye mahojiano. Nilikwenda mimi. Nilisema mimi ndiye Rubeni, nikapinda miguu kama matege yako, nikatembea mbele ya binti aliyekuwa akihoji mpaka magoti yakaniuma. Akatazama picha, akanitazama mimi. "Mzee, huyu kwa picha ana meno." Nikarudi nyumbani.

Sasa mto. Shika hapa vizuri, maana ndio utakaokuongoza. Unauzunguka mji kwanza, kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kulala, kisha katikati ya mji unajitupa juu ya mawe. Mawe yana rangi ya nyama mbichi. Hili si uongo, nimeyaona kwenye kioo cha simu: rangi ya pafu linapotoka bado lina joto. Maji yanayapiga mchana na usiku yakipasuka, na baridi ikija yanaganda yakiwa bado yanaanguka, kama mtu aliyepigwa ambaye hajamaliza kwenda chini. Amani hupita hapo akitoka kazini. Nilimuuliza anaangalia nini. Akarudi kuuliza habari za mbwa wa Katungi.

Sioux ni jina wanaloitwa wenye nchi ile. Nikauliza wenyewe wako wapi. Akasema wapo, anasimama kazini na mmoja wao, mtu mnene mpole mwenye nywele ndefu. Siku moja wakiwa wanakula, yule mtu alimuuliza kwa nini alitoka kwao. Amani akamwambia yote: wenye bunduki waliokuja asubuhi, nyumba zilizochomwa na bibi yake mzee akiwa ndani, ng'ombe waliopigwa risasi mmoja mmoja mpaka bonde likawa linakoroma. Na sisi wawili tumelala kwenye majani, wewe umemziba Amani mdomo kwa kiganja. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sisi walitupigia nyati." Kisha wote wakavaa glavu wakarudi kukata.

Ndiyo, kukata. Mwanao anafanya kazi machinjioni, palepale ukingoni mwa mto, na anayechinjwa ni ngulube, nguruwe. Wewe uliyekuwa ukimwona ngulube unatema mate na kubadilisha njia. Nilitaka kukuficha, halafu nikakumbuka umekufa, huwezi kufa tena. Wanaingia mlango mmoja wakiwa hai, wanalazwa kwa hewa ya kulevya, wananing'inizwa kwa mguu, wanachomwa shingoni. Toka hapo hawagusi tena chini. Mnyororo unawapeleka mbele ya watu, na kila mtu ana mkato wake. Mmoja ni wa tumbo. Mwingine masikio tu. Amani ni wa bega. Bega linakuja, anakata, linakuja lingine, na usiku mzima huoni mnyama mzima, unaona mabega. Asubuhi vidole vimejikunja kama bado vimeshika kisu, na mkewe anakaa kitandani anavinyoosha kimoja kimoja.

Sisi tulimwita ng'ombe jina lake kwanza. Tulimfunika jicho kwa kofia asione kisu kinakuja. Kofia yangu, si yako, ndiyo maana ina doa ambalo haliwezi kutoka. Amani alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa anashika mkia na kulia. Sasa halii. Hilo ndilo linalonitisha mimi: mji ule haukumfundisha ubaya, umemfundisha mkono.

Ukisimama kwenye maporomoko utaona kilima kidogo, ambacho sisi tungekiita kichuguu, na juu yake gereza. Limejengwa kwa mawe yaleyale ya rangi ya nyama. Kwa hiyo mwanao kila siku anapita maji yanayojitupa, machinjio, na gereza. Nilimwambia, Mungu anakuchorea ramani, mwanangu, angalia inaishia wapi. Akacheka kidogo.

"Si hilo, baba mukubwa. Miye nitalala kwenye gereza ya huko kwenu."

Ngoja nikupumzishe kidogo. Kuna mfalme Daudi pia. Wamemsimamisha kwenye bustani kando ya mto, wa shaba, mkubwa kuliko mtu, kombeo begani, uchi kama siku aliyozaliwa. Wanasema alipoletwa watu wa makanisa walinuna, ndipo akageuzwa asiielekee barabara. Sasa wenye magari wanaona makalio tu ya mpakwa mafuta wa Bwana. Mkwe wako anavuka barabara ili watoto wasimwone, na watoto wanavuka tena. Ukimwona Daudi, ujue uko kwenye njia nzuri. Usimvulie kofia; atakuonea wivu.

Mji huo una benki nyingi, hospitali nyingi, na makanisa mengi kuliko baa, au hivyo ndivyo Amani anavyoniambia mimi. Watu wetu wapo. Jumapili mchana wanakodi kanisa la wazungu wakishamaliza wao, wanaimba nyimbo zetu mpaka mzee mmoja mzungu anayesubiri na funguo anaanza kutikisa mguu. Wanalia huko, wanaolewa huko. Wakati wa baridi akifa mtu wanachimba kwa mashine. Nilifurahi kusikia. Kwako tulichimba kwa jembe, na jiwe lilikuwepo, na nilikutukana mchana wote.

Sasa yaliyobaki ni machungu, lakini lazima yasemwe.

Katungi alikuja kwangu. Hakuja peke yake, alikuja na wajomba zake, wanatembea polepole, na mtamba mwekundu mwenye pembe zilizoanza kupinda. Ng'ombe wa damu. Kwao na kwetu desturi hiyo haina tofauti: wanaleta mtamba, anafugwa kwa waliofiwa, na siku akizaa, mwana wa kwanza wa marehemu anakunywa maziwa yake kibuyu kimoja na yule aliyeua, na hapo neno limekufa. Nilimpa Katungi stuli akakataa, akakaa chini kwenye vumbi. Amekonda. Nikamwambia, umeleta mtamba amekonda kama wewe, hamlishani? Wajomba wakaogopa kucheka. Yeye akainua macho, akasema, "Mzee, hata sasa nasikia ile sauti." Sikumuuliza sauti gani. Na mimi ninaisikia.

Mtamba amezaa. Maziwa yapo. Ninayanywa mimi, na ni matamu, nisamehe. Kinachosubiriwa ni mdomo wa Amani. Na Amani anasema kila tone la maziwa hayo ni damu yako, na kwamba kibuyu atakivunja kwenye kichwa cha Katungi kabla ya mengine.

Basi nilipokwenda Mbarara kuonyesha jicho, nikaingia dukani kwa Haji, yule anayetengeneza simu karibu na stendi, aniwekee kioo kipya. Simu ikalia mkononi mwake. Amani, na uso wake mzima kwenye kioo, amevaa bado kofia nyeupe ya kazini. Nikaona tiketi imekatwa, nikaona ujanja wa kuulizauliza umekwisha, nikaamua kufanya kitu ambacho sina mazoea nacho. Nilisema ukweli.

Nilimwambia habari ya bwawani, siku uliyouawa, jinsi ilivyokuwa. Kwamba ng'ombe wetu na wa Katungi walichanganyika. Kwamba dume lake lilikuja kunywa kabla ya ng'ombe wako. Na kwamba wewe, Baba Amani, uliyekuwa mzee wa kanisa, ulijua, kama anavyojua mchungaji yeyote wa huku na wa kwetu, kwamba dume la mtu hulipigi usoni mbele ya mwenyewe. Unalisukuma ubavuni. Unamwita mwenyewe, unamtukana mwenyewe ukitaka, mama yake na wajomba zake. Lakini uso wa dume ni uso wa mtu, na watoto wake walikuwa wamesimama pale. Wewe uliinua fimbo ukalipiga puani, ukarudia, damu ikadondoka majini. Kisha ukamgeukia Katungi ukamuuliza kama atalia.

Fimbo yake ilitua mara moja tu. Ilitoa mlio ule wa fupa la mguu tunapolivunja kupata uboho. Ulipiga magoti kwanza, kama ng'ombe, halafu ukalala ubavu, na sikio lako likajaa damu. Katungi aliitupa fimbo kana kwamba imemchoma moto. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa chako na hakikukaa vizuri mikononi, kilikuwa kimelegea upande mmoja.

Kila mtu anataka maneno yako ya mwisho. Mchungaji wa kanisa anataka uwe umemwita Bwana. Amani anataka uwe umemtaja Katungi. Ulinishika kola, ukasema, "Ng'ombe wamemaliza kunywa?" Nikasema bado. Ukakasirika. Ndivyo ulivyokufa, umenikasirikia mimi kwa sababu ya maji.

Nilimaliza, nikangoja. Mwanao alicheka, Baba Amani. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Baba mukubwa, weye unadanganyaka hata saa hii. Ulisema umeona simba Rwekubo. Ulisema umelisha kabila nzima samaki mumoja. Baba yangu hapigake ngombe ya mutu."

Nikaapa. Nikaapa kwa jicho langu jipya. Akaacha kucheka, akauleta mkono karibu na kioo, vidole vimejikunja.

"Angalia huu mukono. Unajua fasi ya kupita bila kuambiwa."

Simu ikakatika. Haji alikuwa ameinamia bisibisi yake, anajifanya hasikii. Mwishowe akasema, "Mzee Zakayo, huyo kijana yako anakuja kufanya nini?"

"Anakuja kuona kaburi la baba yake."

"Ssebo, mzee wangu, mtu ya kuona kaburi haongei namna hiyo."

Hakuchukua pesa ya kioo. Hapo ndipo nilipojua jambo ni kubwa.

Kwa hiyo sina tena ujanja. Nimeishi kwa uongo wangu miaka yote, umetulisha, umetuvusha mipaka, umetufurahisha jioni, na siku niliyohitaji kuaminiwa mara moja tu, hakuna anayeniamini. Katungi nimemwambia akimbie. Amekataa. Anasema akikimbia atakuwa ameua mara mbili. Atakaa nyumbani kwake, mlango wazi, na kijana atafika na mkono ule.

Nakuahidi haya. Nikipeleka ng'ombe bwawani, wako watakunywa kwanza, kabla ya wangu, na nitasubiri mpaka wa mwisho ainue kichwa. Dume la Katungi likija nitalisukuma ubavuni. Jiwe la kaburi lako nitalipaka chokaa Amani akija, akija kwa heri. Lala vizuri, Matege. Hapa wanakutaja kwa wema kuliko ulivyostahili, na mimi ninawaacha.

Lakini usilale bado. Unakumbuka siku tulipokwenda kuposa, wakwe zako wakauliza kwa nini miguu ya kijana imepinda, na wewe ukameza mate? Ni nani aliyesimama akasema miguu hii imepinda kwa sababu alimbeba fahali mgonjwa mabegani kuvuka mlima mzima? Walikupa binti siku ileile. Njiani ukaniambia, Zakayo, nitakulipa. Hujanilipa.

Sasa huhitaji faili wala picha yenye meno. Ingia kwa njia ya mto, uufuate mpaka usikie maji yanapiga mawe mekundu. Gereza litakuwa juu yako, usiliangalie. Mpite Daudi kwa nyuma. Nyumba ni ya mbao, ya rangi ya majivu, ina baiskeli ya mtoto imelala kwenye majani na mlango wa nyuma usiofunga vizuri. Nenda mchana, ndiyo saa anayolala. Usimtokee na kichwa ulichokuwa nacho bwawani, jifunge kitambaa. Keti kitandani, nyoosha vidole vyake kimoja kimoja kama anavyofanya mkewe. Na umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, nani alipiga kwanza, na ulichouliza ulipokuwa unakufa.

Mimi nilikusemea uongo mmoja ukapata mke. Nisemee ukweli huo mmoja tu.